Jua Halijui Jumanne

Dokta Hamasaki ana tabia moja inayonitia hofu. Akiwa na jambo zito la kusema, huanza kwa kuulizia mvua.

"Niar, huko mvua inanyesha?"

"Imekatika tangu juzi, Dokta."

"Vizuri. Na yule paka wa kituo hajambo?"

Alipofika kwa paka nikajua leo nimepatikana.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Kila Jumatano vituo vyote hukutana kwenye kompyuta: Wajapani, Wafilipino, Waaustralia, na sisi wa huku milimani kwa Waminangkabau, kila mtu kwenye kidirisha chake na kikombe chake mkononi. Kazi yetu ni moja. Jua likichomoza huamsha mkondo wa umeme juu kabisa angani, mkondo huo huutikisa usumaku wa dunia, na vyombo vyetu hupima mtikisiko huo kila sekunde. Kituo kimoja peke yake hakioni kitu cha maana, kwa hiyo tunapeana vipimo vyote bila kufichana. Siku hiyo kikao kilipokwisha wenzetu wakaaga, lakini Dokta akaniomba nibaki, mimi na Rowena wa Ufilipino, msichana anayeandika tasnifu yake kwa vipimo vya kituo chetu.

"Rowena, mwonyeshe," akasema Dokta.

Rowena akafungua grafu. Mstari ulipanda vizuri asubuhi, ukatulia mchana, kisha alasiri ukabonyea kidogo na kurudi.

"Dada Niar, unajua kuna siku mkondo wa angani hugeuka alasiri ukaenda kinyume," akasema. "Mimi nilidhani nimepata aina mpya, ndogondogo, inayoonekana kwenu tu. Nimeshaandika kurasa thelathini."

"Halafu?"

"Halafu Dokta akaniuliza ni siku gani."

"Ni Jumanne na Ijumaa," akasema Dokta Hamasaki. "Wiki saba mfululizo, mara kumi na nne. Karibu saa tisa na nusu mstari unashuka ghafla kama ngazi, saa kumi na dakika kumi unapanda ghafla kama ngazi. Niar, nimelisoma Jua miaka thelathini na mmoja. Jua halijui Jumanne."

Rowena akacheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Mimi sikuweza hata kujichekesha.

"Ni chuma," Dokta akaendelea kwa upole wake ule ule. "Kitu kizito kinaletwa karibu na kibanda cha chombo, kinakaa dakika arobaini, kinaondoka. Si kosa la kufa. Vipimo vya muda huo tutavitupa, Rowena atazifuta kurasa zake. Ila daftari la kituo lazima liseme ni kitu gani, ni cha nani, na kwamba hakitarudi. Ijumaa jioni nafunga vipimo na kuwapelekea wenzetu wote. Utachunguza?"

"Nitachunguza, Dokta."

Kuchunguza! Hicho chuma nilikuwa nakijua kwa jina, kwa rangi na kwa mlio wake kinapopanda mlima. Kilikuwa pikipiki nyekundu ya Syafnil, bwana mifugo, yenye sanduku la vyuma nyuma, nami kwa kinywa changu ndiye niliyemwambia aifiche nyuma ya mianzi, hatua thelathini tu kutoka kibandani. Mimi, ninayevua hata pini za ushungi wangu kabla ya kuingia mle! Mimi ninayewafokea mafundi wakisahau funguo mifukoni! Nisijifanye kwamba sikujua. Nilijua. Nilijidanganya tu kwamba pikipiki si gari, na kwamba nje ya uzio si ndani ya uzio. Mtu akipenda anakuwa hodari wa hesabu za aina hiyo.

Tatizo letu lilikuwa Mjomba Basri. Kwetu nyumba ni ya mama, ukoo ni wa mama, na kauli ya ndoa ni ya mjomba. Tena mwanamume kwetu haposi, anaposwa. Anakaa kwa mama yake akisubiri wajomba wa mwanamke waje na bakuli la tambuu kumwomba. Na Mjomba alikuwa ameshaamua zamani kwamba mimi nitaolewa na mwanawe Rezki, aliyeko kazini kisiwani Batam, ili kijana arudi kuishi kwenye nyumba ya ukoo wa baba yake, maana kwetu mume huhamia kwa mke. Aliponiona naongea na Syafnil kwenye harusi moja baada ya Idi, alisema mbele ya watu: "Huyo bwana mifugo asikanyage uani kwetu, labda ng'ombe awe na mimba." Watu wakacheka. Mimi nikainamisha kichwa nikala wali wangu.

Ndipo ikaja mianzi, mahali petu pa kuonana kila Jumanne na Ijumaa. Na Jumanne iliyopita, palepale nyuma ya mianzi, Syafnil alinipa habari iliyonikosesha usingizi: Jumapili hii watu wa kijiji cha Koto Dalam wanakwenda kwa mama yake kumposa. Binti yao ni mwalimu. Mama yake amechoka, ana mtoto wa miaka thelathini na minne ambaye hajaombwa na mtu, na safari hii atasema ndiyo.

Alhamisi nikaenda kwa mkuu wa kituo, Bwana Irwandi, au Pak Irwandi kama tunavyomwita. Nilimkuta akimenya chungwa juu ya meza.

"Nimesoma barua ya Japani," akasema kabla sijafungua mdomo. "Mimi sijaona, sijasikia. Andika mashine ya kukata nyasi."

"Pak?"

"Mashine ya kukata nyasi, Niar. Ina chuma, ina injini, inakuja mara mbili kwa wiki. Wajapani wataridhika, vipimo vitatupwa, wewe utabaki na kazi yako na mimi nitabaki na rafiki yangu. Unajua mimi na mjomba wako tunakunywa kahawa meza moja miaka ishirini."

"Na nikiandika vingine?"

Akala pande moja la chungwa, akaniangalia. "Ukiandika vingine, Basri atanisoma usoni kabla sijakaa. Mimi siwezi kumficha. Sasa chagua."

Nikachagua mashine ya kukata nyasi. Nasema kweli, nilichagua hapohapo, na nikatoka mle ofisini nimepata nafuu.

Ijumaa saa tisa nikampigia Syafnil simu. Kwa heshima ya kwetu namwita Uda, yaani kaka. "Uda, leo usipite nyuma. Iache pikipiki getini, chini, panda kwa miguu."

"Getini?" akauliza. "Getini pale mbele ya kibanda cha kahawa, anapokaa mjomba wako?"

"Palepale."

Akasema, "Haya," kwa sauti ambayo sikuielewa.

Nilimwelewa alipofika. Alipanda ule mlima akiwa amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, nywele zimelala kwa maji. Uso wake wote ulikuwa unacheka. Syafnil si mzuri wa kupigwa picha, pua imekaa upande kidogo kwa sababu ndama alimpiga teke, lakini akicheka namna ile mimi huwa sijui nishike nini. Akakaa kwenye benchi la nje ya ofisi, mahali ambapo hakuwahi kukaa hata siku moja.

"Nimeiweka getini kabisa," akasema. "Katikati! Wazee wa kahawa wote wamegeuza shingo. Nimewasalimia mmoja mmoja. Haya, niambie. Mjomba kasemaje?"

"Mjomba yuko Payakumbuh leo," nikasema.

Kicheko kikamkauka usoni.

"Kumbe getini ni kwa sababu hayupo."

"Getini ni kwa sababu ya chombo, Uda. Pikipiki yako imeonekana."

"Nani kaiona?"

"Wajapani."

Akanitazama kama ninayemtania. "Wajapani?"

"Na Wafilipino. Waaustralia nao wameiona, sema hawajajua wanaona nini."

"Jamani!" Akapiga paja. "Mjomba wako anakaa hapo chini, wiki saba hajaniona, na mtu yuko Japani ananiona!" Akacheka, na mimi nikacheka naye, maana kwa kweli ilichekesha. "Nimeonekanaje? Nionyeshe."

Nikamletea karatasi za grafu. Nikakaa karibu naye kuliko inavyofaa, nikamwekea kidole. "Hapa ndipo unapofika. Hapa ndipo unapoondoka."

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

Akaupitisha ukucha wake juu ya mstari, taratibu, kama anayempapasa mnyama mwoga. "Na hapa nimekaa sana."

"Siku ile uliyokataa kuondoka."

"Wewe ndiye uliyenishika mkono wa shati."

"Ulikuwa umekataa kabla sijakushika."

Tukatazamana. Ningependa niseme nilitazama pembeni, lakini sikutazama. Macho yake yana rangi ya gome la mdalasini, na alikuwa ananitazama kama mtu aliyepewa kitu chake mwenyewe akaambiwa hakijapotea. Nilitamani saa isimame. Haikusimama. Akarudisha macho kwenye karatasi.

"Sasa hapa pembeni mtaandika nini?"

"Pak Irwandi kasema tuandike mashine ya kukata nyasi."

Kidole chake kikasimama juu ya mstari.

"Mashine ya kukata nyasi."

"Ni neno tu, Uda. Vipimo vinatupwa hata hivyo. Hakuna anayeumia."

"Na wewe umekubali?"

Nikanyoosha mkono kuzichukua grafu zangu. Akazikunja zile karatasi vizuri, akaniwekea mapajani.

"Niar, Jumapili wajomba wanne wa Koto Dalam watakaa barazani kwetu. Yule mwalimu nimemwona mara moja tu, kwenye chanjo ya ng'ombe wa baba yake. Lakini wajomba zake watataja jina langu kwa sauti, na tambuu mkononi, majirani wakisikia. Wewe ninayekupenda unaniita mashine ya kukata nyasi."

"Unataka nimwambie nini Mjomba? Atanila mzima!"

"Ingekuwa mimi ndiye wa kuposa, ningeshaposa. Angenifukuza, ningerudi. Angenifukuza tena, ningerudi tena, mpaka achoke yeye. Wallahi ningemchosha! Lakini si zamu yangu. Ni yenu. Mimi nimekaa nyuma ya mianzi kama mwizi wa kuku, nasubiri uniombe."

"Nipe muda basi."

"Unao. Mpaka Jumapili asubuhi. Mama akishasema ndiyo mbele ya wageni, mimi sitamvunjia heshima."

"Unanitisha?"

"Nakwambia tarehe tu." Akasimama, akajifuta suruali. "Nakupenda, Niar. Nalisema kila nikija. Wewe umelisema mara ngapi?"

Nikahesabu moyoni. Kwa kunong'ona, mara tatu. Kwa sauti ambayo mtu wa tatu angeweza kuisikia, hata mara moja. Alikuwa ananisubiri, kisha akashuka mlima kwa miguu bila kugeuka. Sikumwita. Nilikuwa na hasira naye, hasira kali kweli, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Saa kumi na nusu nikafungua daftari la kituo kwenye kompyuta. Safu ya tarehe, safu ya saa, safu ya chanzo, safu ya mhusika. Nikaandika "Mashine ya". Nikakaa nikiyatazama maneno mawili hayo. Nikawaza Jumapili: wajomba wanne, bakuli la shaba, mama yake akitikisa kichwa kukubali, na Syafnil amekaa nyuma amevaa shati lilelile alilolipigia pasi kwa ajili yangu. Nikawaza Jumanne inayofuata, mstari wa grafu umenyooka, safi, hakuna anayekuja. Nikafuta yale maneno mawili.

Nikaandika hivi: "Pikipiki ya Syafnil, bwana mifugo, mchumba wa mwangalizi Desmaniar. Iliegeshwa nyuma ya mianzi kwa maelekezo ya mwangalizi. Kosa ni la mwangalizi. Haitarudi."

Daftari letu halikubali kuunganisha siku. Kila tukio linataka mstari wake. Basi nikaandika mara kumi na nne. Mara ya kwanza nilikosea hata jina langu mwenyewe. Kufika mara ya sita nilikuwa nimezoea. Mara ya kumi na nne neno "mchumba" lilikuwa limekaa pale kama jambo la kawaida tu, kama mvua au upepo. Nikabonyeza, likaenda.

Nikamwandikia Rowena kumwomba radhi. Akajibu upesi: "Kurasa thelathini zangu, Dada! Angalau ni mzuri?"

"Pua imepinda," nikamjibu. "Lakini ni mzuri."

Dokta Hamasaki akaandika sentensi mbili: sasa vipimo ni safi, na hongera kwa uchumba. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Nchi kadhaa zilikuwa zinanipa hongera, na mwanamume mwenyewe hajui, wala mjomba wangu hajui.

Mjomba alijua Jumamosi saa moja asubuhi. Mama na mimi tulikuwa tunakula wali wa kufinyangwa na mchuzi wa fenesi alipoingia bila hodi, mkononi ana karatasi ambazo nilijua zimetoka kwa Pak Irwandi.

"Mchumba!" akasema. "Mchumba wa nani? Nani kamposa? Nimelala jana sina habari, naamka nimeshaposa?"

"Hukuposa wewe, Mjomba. Nimemposa mimi."

"Wewe? Kwa tambuu gani? Kwa wajomba gani? Kwa kompyuta?"

"Kwa kompyuta."

"Astaghfirullah." Akamgeukia Mama. "Dada, unamsikia mwanao?"

"Namsikia," akasema Mama. "Kaa ule."

"Sili! Niar, futa haya."

"Hayafutiki."

"Kila kitu cha kompyuta kinafutika!"

"Daftari hili halifutiki, Mjomba. Likishaandikwa limeandikwa. Ukitaka kukana unaongeza mstari chini yake, unaeleza kwamba ya juu si kweli, unaweka jina lako."

"Na wanaosoma ni nani?"

"Wajapani. Wafilipino. Waaustralia. Na wakubwa wetu Jakarta."

Akakaa. "Basi ongeza. Andika, huyo si mchumba."

"Siandiki."

Miaka ishirini na tisa sijawahi kumwambia Mjomba hapana. Yeye ndiye aliyenipeleka shule, yeye ndiye aliyeuza nyati wake wawili nikasome. Nilimwogopa na nilimpenda, vyote pamoja. Lakini nilisema tena. "Siandiki, Mjomba. Itakuwa uongo."

Mama akanyoosha mkono, akazichukua zile karatasi. Akavaa miwani yake. Akaanza kusoma kwa sauti, bila haraka, kama anayesoma majina ya wageni wa karamu.

"Tarehe nne. Tarehe nane. Tarehe kumi na moja. Hii kumi na moja si ile siku ya mvua ya mawe?"

"Ndiyo, Mama."

"Alikuja?"

"Alikuja. Alichelewa dakika nne."

"Tarehe kumi na tano. Tarehe kumi na nane." Akasoma zote, mpaka ya mwisho. Akavua miwani. "Basri, Rezki kapiga simu lini nyumba hii?"

"Rezki ana kazi nyingi."

"Nimekuuliza lini."

"Idi."

"Idi ipi?"

Mjomba akaangalia sahani.

"Idi ya mwaka juzi," akasema Mama. "Rezki ni mtoto wetu, nampenda. Lakini mimi sijui kama anamtaka Niar. Wewe unajua? Umewahi kumuuliza?"

"Mambo haya hayaulizwi simuni, Dada."

"Basi hujui. Huyu najua anataka. Imeandikwa mara kumi na nne." Akazilaza karatasi mezani. "Kauli ni yako, sitakunyang'anya. Ila nyumba ni yangu, na mume atakayelala humu atakula kwa mkono wangu. Mimi ningependa nimpikie anayekuja. Haya, sema."

Mjomba akanigeukia. Alinitazama muda mrefu, na hasira ikamtoka kidogokidogo, ikabaki huzuni ambayo ndiyo hasa niliyokuwa naiogopa.

"Kwa nini hukuniambia, Niar? Mgeni wa Japani kajua kabla yangu."

"Ulisema asikanyage uani mpaka ng'ombe awe na mimba."

"Nilikuwa natania."

"Hukuwa unatania, Mjomba."

Akavuta pumzi. "Sikuwa natania," akakubali. "Na leo kwa nini? Kwa nini usisubiri tukakaa, tukazungumza?"

"Kwa sababu kesho watu wa Koto Dalam wanakwenda kumposa."

Mjomba akainua kichwa. "Koto Dalam wapi? Hawa wa yule mzee wa ukoo, Datuk Zulbaidi?"

"Hao hao."

"Kesho?"

"Kesho asubuhi."

"Na wewe umekaa hapa unakula!" Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Kijana ameshaandikwa kwa jina letu mpaka Jakarta, halafu Zulbaidi aje amchukue kesho, nami nitapita wapi sokoni? Dada! Tambuu ipo?"

"Ipo," akasema Mama. "Nimeichuma alfajiri."

Nikamgeukia. "Mama, ulijua?"

"Mke wa Irwandi alipita jana jioni," akasema, akaendelea kula.

Saa nne wakaondoka, Mama, Mjomba na ndugu yake mdogo, Mjomba amevaa kilemba chake cha sherehe na zile karatasi amezitia mfukoni. Mposaji hasindikizwi na bibi harusi. Nikabaki peke yangu nikiosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Nilihesabu mwendo wao: daraja, soko, kona ya msikiti. Nilijua Syafnil aliondoka kwangu ameumia. Nilijua kijana anaweza kukataa, ni haki yake, na kwamba akikataa leo atakuwa anakataa mbele ya Mjomba wangu aliyekwenda kwa ajili yangu.

Saa tano na robo simu ikalia. Ilikuwa yeye.

"Niar."

"Uda."

"Kuna mtu kakaa barazani kwetu kavaa kilemba."

"Najua."

"Anasema nimeandikwa. Kaleta na karatasi. Mama yangu hana miwani, na mimi nimekataa kuisoma."

"Kwa nini umekataa?"

"Kwa sababu nataka kusikia, si kusoma. Simu nimeifungulia sauti, wote wanatusikia. Umeandika mimi ni nani?"

Nikasikia kikohozi cha Mjomba kule, na kikombe kikiwekwa juu ya sahani. Mikono yangu ilikuwa imejaa mapovu ya sabuni na simu ilikuwa inaniteleza.

"Mchumba wangu," nikasema.

Yeye tena: "Mama anasema hajasikia."

Nikafumba macho. "Syafnil ni mchumba wangu!" nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, nadhani hata jirani alisikia. "Nampenda. Mimi ndiye niliyemwambia afiche pikipiki, yeye hana kosa. Na mimi ndiye ninayemwomba leo, mbele ya Mjomba, mbele ya mama yake, mbele yenu wote. Akitaka kukataa akatae, lakini asiseme sikusema!"

Nikadhani simu imekatika. Halafu nikasikia sauti ya mama yake, karibu kabisa, kama aliyeichukua simu mkononi.

"Nilisikia tangu mara ya kwanza, mwanangu," akasema. "Nilitaka tu na huyu wa kilemba asikie vizuri." Kisha akamgeukia mtu mwingine huko: "Haya, wapigieni Koto Dalam sasa hivi, wasije wakachinja kuku bure."

Nikakaa chini palepale jikoni nikalia kwa kwikwi, simu ikiwa bado wazi na wote wakinisikia.